Ofseti ya rimu: namba inayoamua kama tairi litasugua

Unapita tuta na watu watatu wamekaa kiti cha nyuma, unasikia "krrr" fupi kutoka usawa wa buti. Ukirudi barabara ileile peke yako, kimya. Tatizo la tairi kusugua huanza hivyo kwa wengi walioshusha gari na kufunga rimu pana, na kwangu lilianza hivyohivyo, nikiwa na Toyota Altezza, siku niliyowapeleka wajomba zangu harusini Kibaha. Fundi wa kwanza niliyemfuata alichukua nyundo. Laiti angeanza kwa kuvua gurudumu na kusoma nyuma ya spoku, angekuta maandishi madogo yanayoeleza karibu kila kitu: 18x8.5, ET35.

Namba mbili za mwanzo ni kimo na upana wa rimu kwa inchi. ET ni kifupi cha neno la Kijerumani, Einpresstiefe, na namba inayofuata ni milimita. Hiyo ndiyo ofseti.

Ili uielewe, laza rimu chini na uipasue kwa mawazo katikati ya upana wake, kama unavyopasua andazi kutia maharage. Hapo umepata mstari wa katikati. Kisha tafuta uso wa rimu unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambapo gurudumu hufungwa, ule uso wenye matundu ya bolti. Umbali kati ya uso huo na mstari wa katikati ndio ofseti. Uso ukiwa upande wa spoku, yaani nje ya mstari wa katikati, ofseti ni chanya, na rimu inazama ndani ya fenda, lile bati linalofunika gurudumu. Kadiri namba inavyopungua ndivyo rimu inavyotoka nje. Ikifika sifuri, uso uko katikati kabisa. Ikiwa hasi, unapata zile rimu zenye shimo refu kama bakuli unazoziona kwenye pikapu.

Watu wengi hununua rimu kwa kuangalia nati tu: "ni tano, 114.3, zinaingia," yaani matundu matano kwenye duara la milimita 114.3. Kuingia zinaingia. Swali ni zitakaa wapi zikishaingia.

Tuhesabu kwa Altezza hiyohiyo. Rimu zake za kiwandani ni 17x7, ET50, na tairi 215/45R17, yaani upana wa milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Inchi 7 ni milimita 177.8, nusu yake ni 88.9. Ukitoa ofseti ya 50, ukingo wa nje wa rimu unakaa milimita 38.9 nje ya uso wa habu. Ukijumlisha, ukingo wa ndani unakaa milimita 138.9 kuelekea kwenye shokapu. Sasa funga 18x8.5 yenye ET35. Nusu ya upana ni 107.95. Nje inakuwa 72.95, ndani 142.95. Maana yake gurudumu jipya limesogea nje milimita 34, na ndani milimita 4 tu. Mtu anayesema "nimeongeza inchi moja na nusu" anadhani ameigawa pande zote mbili, kumbe karibu yote imekwenda upande wa fenda.

Angechukua 18x8 yenye ET45, hesabu ingekuwa milimita 18 nje na 8 ndani. Rimu bado ni pana, gari bado linapendeza, na nyundo inabaki kwenye boksi la vifaa. Kwa maoni yangu, hesabu hii ya dakika mbili kabla ya kulipa ina thamani kuliko marekebisho yote nitakayoyataja hapa chini. Muuza rimu wa mtumba hatakufanyia. Ifanye mwenyewe, pale pale dukani, kwa simu.

Kimo cha tairi nacho kina usemi wake. 215/45R17 ina kipenyo cha milimita 625 hivi. Ukifunga 225/40R18 unafika 637, yaani tairi limepanda milimita 6 juu na limeongezeka upana pia. 215/40R18 ni 629, tofauti ndogo sana na ya kiwandani. Ila soma namba ya uzito ubavuni. Tairi la kiwandani la 87 hubeba kilo 545. 215/40R18 ya kawaida ni 85, kilo 515. Ile iliyoandikwa 89 XL, yaani iliyoimarishwa kwa mzigo zaidi, hubeba 580. Kwa gari linalobeba familia, ya 85 hairuhusiwi kuwa jibu.

Sasa kushusha. Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisema visivyo. Watu husema tairi linasugua kwa sababu gari limeshushwa. Lakini mahali pa juu kabisa ambapo gurudumu linaweza kufika ndani ya fenda hapaamuliwi na springi. Panaamuliwa na kile kipande cha mpira kilicho kwenye fimbo ya shokapu, kinachozuia lisipande zaidi. Ukibadilisha springi peke yake na kuacha shokapu na mpira ule, kikomo kinabaki palepale. Unachofanya ni kulisogeza gurudumu karibu na kikomo hicho, likawa linakigonga kila tuta badala ya mara moja kwa mwaka. Rimu zako pana zingesugua hata gari likiwa juu, siku ambayo umeingia shimo na mzigo. Kushusha kumekuonyesha tu.

Mambo hubadilika pale mpira ule unapokatwa, na hukatwa sana, ati gari lisidunde. Ukishakatwa, gurudumu linapanda hadi mahali ambapo mtengenezaji hakutaka lifike. Ndiyo maana jambo la kwanza kukagua kwenye gari linalosugua ni hilo: mpira upo? Ni mzima, au umekuwa unga? Kwenye gari la mtumba la miaka 20 mara nyingi haupo kabisa, na hakuna aliyeukata, umejimalizia wenyewe. Koilova, yaani shokapu na springi zilizo kitu kimoja chenye kimo cha kurekebishwa, zile zenye mwili unaopanda na kushuka ni habari nyingine, maana ukizifupisha unakihamisha kikomo chenyewe juu. Kwa hizo, kuongeza mpira au kupandisha gari milimita 10 kunaweza kumaliza kazi siku hiyohiyo.

Na springi zilizokatwa kwa grainda? Nasema bila kuzunguka: ziondoe. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, haikai vizuri kwenye kiti chake, na gurudumu likining'inia inaweza kulegea na kuhama. Ile iliyopashwa moto kwa gesi mpaka ikalala ni mbaya zaidi, kwa sababu chuma kimepoteza uimara wake na kitaendelea kulala kadiri siku zinavyokwenda. Hakuna fenda ya kukunjwa itakayokuokoa kwenye gari ambalo kimo chake kinabadilika chenyewe.

Kabla ya kurekebisha lolote, jua linasugua wapi. Paka chaki nyeupe mabegani mwa tairi, ndani na nje, kisha paka grisi nyepesi kwenye ukingo wa ndani wa fenda. Jaza watu au mifuko ya saruji nyuma, pita matuta polepole, halafu kata kona usukani ukiwa umefika mwisho pande zote mbili. Shuka uangalie. Alama zitakueleza kisa kizima.

Zikiwa kwenye ukingo wa chuma wa fenda, hasa nyuma, hiyo ni ofseti ndogo mno au tairi pana mno. Zikiwa kwenye plastiki ya ndani ya fenda mbele, au pale bampa inapokutana na fenda, na mlio unakuja ukikata usukani tu, hilo ni jambo dogo: plastiki hupashwa moto kidogo ikasukumwa nyuma, kichupo cha bampa hukatwa, kazi imekwisha. Zikiwa upande wa ndani, kwenye shokapu au kiti cha springi, simama. Mguso wa ndani unaweza kuwa wa muda wote, hata barabara iliyonyooka, na unachana ubavu wa tairi mahali usipopaona. Gari hilo lisiende safari.

Kwa mguso wa ndani pekee, spesa, kile kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu, ina maana. Spesa ya milimita 5 huigeuza ET50 kuwa ET45, gurudumu likatoka nje kidogo. Nimewaona watu wakifunga spesa kwa gari linalosugua fenda, na hapo wanalisogeza tairi likaukaribie zaidi ule ukingo. Ukifunga spesa hesabu mizunguko ya nati. Bolti za habu za Toyota ni milimita 12 na hatua ya uzi ni 1.5, kwa hiyo nati izunguke angalau mara 8 kamili ndipo iwe imeshika kina sawa na unene wa bolti. Kwenye Subaru, hatua ni 1.25, kwa hiyo karibu mara 10. Ikishika mizunguko mitano, vua, tafuta bolti ndefu. Angalia pia tundu la katikati: habu ya Altezza ni milimita 60.1, na rimu nyingi za spoti huja na 73.1. Bila pete ya kujaza nafasi hiyo, gurudumu halikai katikati sawasawa, gari linatetemeka, na utalipa wili balansi mara tano bila kupona.

Kwa mguso wa fenda, dawa ya kwanza ni tairi dogo kidogo, kama tulivyoona. Ya pili ni kemba, yaani kulilaza gurudumu ili juu liingie ndani. Kwa tairi la kimo hiki, digrii moja huingiza sehemu ya juu karibu milimita 5 na nusu. Digrii moja na nusu au mbili zinavumilika kwa gari la kila siku iwapo alaimenti ya kuelekeza magurudumu mbele imewekwa sawa baada yake. Ikiachwa ovyo, tairi linakula upande wa ndani mpaka nyuzi zionekane, huku nje likionekana jipya. Altezza ina wishboni mbili, yaani mikono ya juu na chini inayoshika gurudumu, mbele na nyuma, kwa hiyo gurudumu hujilaza lenyewe kidogo linapopanda. Impreza na Corolla, zenye shokapu inayoshika habu moja kwa moja mbele, hazipati msaada huo kwa kiasi kile, ingawa Impreza ina bolti ya juu ya kurekebisha kemba kutoka kiwandani.

Kule Japani, ambako mtindo wa kushusha magari una jina lake la zamani, shakotan, kuna wanaolaza magurudumu kupita kiasi kabisa. Lakini hukohuko ukaguzi wa gari hudai nafasi ya sentimita 9 kutoka chini, na hadi 2017 tairi halikuruhusiwa kutokeza nje ya fenda kabisa. Tangu mwaka huo mpira wa tairi, si rimu, umeruhusiwa kutokeza chini ya milimita 10. Mtu akikuambia "Wajapani ndivyo wanavyofunga," mkumbushe hilo.

Dawa ya tatu ni kuukunja ukingo wa ndani wa fenda. Inafanywa kwa kifaa chenye roli ya plastiki ngumu kinachofungwa kwenye habu yenyewe, roli ikasukuma ukingo juu taratibu huku rangi ikipashwa moto ili isipasuke. Kupita mara moja hakutoshi. Ni kidogo kidogo, mara kumi au zaidi. Nyundo na gogo hufanya kazi hiyo pia, ila fenda hutoka na mawimbi unayoyaona jua likipiga ubavuni. Fenda za nyuma ni bati mbili zilizounganishwa, na katikati yake kuna gundi ya kuzuia maji. Ukikunja, gundi hiyo huachia. Kwa sisi wa Dar, Tanga na Mombasa, hapo chumvi inaingia, na kutu huanza ndani ukiwa hujui. Siku hiyohiyo safisha, paka praima, kisha gundi mpya. Usiahirishe hadi wiki ijayo.

Kuna wanaochagua kuvuta tairi, yaani kufunga tairi jembamba kwenye rimu pana ili mabega yalale mbali na fenda. 215/40R18 kikomo chake ni rimu ya inchi 8.5, ukiivuta kwenye 9.5 umetoka nje ya kipimo chake. Kwenye lami laini mtu anaweza kuzunguka nayo miaka. Kwenye mashimo yetu ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu, hewa ikaisha kwa mkupuo. Mimi sipandi gari hilo usiku.

Altezza yangu ilipona kwa mambo matatu: mpira mpya wa shokapu za nyuma, 215/40R18 ya 89 XL, na kemba ya digrii moja na nusu nyuma. Fenda niliinyoosha mahali nyundo ilipopita, ikapigwa rangi upya. Mwezi uliofuata tulirudi Kibaha na wajomba walewale, na mmoja akalala njia nzima kichwa kikiwa juu ya gurudumu lile lile.