Kengele, samli na sandali: yasemwayo na yaliyo kweli kuhusu ibada za nyumbani za Wahindu

Nilikulia Kisutu, Dar es Salaam, jengo moja na bibi wa Kigujarati. Wajukuu zake walimwita Ba, nasi watoto wote wa jengo tukamwita hivyo hivyo. Kila alfajiri kengele yake ya mkono ililia ghorofa ya pili, kisha harufu ya udi ikateremka ngazi mpaka kwetu. Sisi tulishakubaliana: Ba anaita majini. Yalikuwa maneno ya watoto wa miaka saba, lakini nimeyasikia tena ukubwani, kwa watu wenye mvi.

Ukweli umekaa kinyume kabisa. Ubeti wa Kisanskriti unaosomwa wakati wa kugonga kengele unasema inalia ili miungu ije na marakshasa, yaani mapepo, waondoke. Kumbe kama jengo letu lilikuwa na jini, Ba ndiye aliyekuwa akimtimua.

Uzushi juu ya ibada hizi una milango miwili. Mmoja ni wa jirani asiyejua. Wa pili ni wa mpenzi wa ibada aliyepitiliza, anayekutumia ujumbe wa WhatsApp kwamba kengele inatibu ubongo na kafuri inaua kila kirusi. Huu wa pili ndio unaonichosha zaidi, maana umevaa koti jeupe la maabara.

“Mhindi ni Mhindu.”

Si lazima. Mabohora, Maismailia na Maithnaasheri ni Waislamu, Magoa wengi ni Wakatoliki, Makalasinga wana dini yao. Mhindu ni mfuasi wa dini. Wazee wa pwani walimwita Baniani, yule yule wa methali ya kiatu.

“Wanaabudu sanamu, na miungu yao ni milioni 330.”

Siku moja Ba aliniruhusu nisimame mlangoni, miguu mitupu. Palikuwa na kabati dogo la mbao, ndani yake mungu Krishna wa shaba asiyezidi kiganja. Alimwogesha kwa kijiko cha maji, akamfuta, akamvika. Kisha akachukua kipande cha sandali, akakisugua juu ya jiwe lenye maji mpaka ukatoka uji mzito, vile vile mama yangu alivyokuwa akisugua liwa. Akampaka. Likafuata ua, udi, taa ya samli, na mwisho kipande cha sukari guru, ambacho baadaye kiliishia mdomoni mwangu.

Nilichokiona pale ni mtu aliyefikiwa na mgeni. Na ndivyo puja, yaani ibada hiyo, ilivyopangwa: ile kamili ina huduma 16, zikiwamo kumkaribisha mgeni, kumpa kiti, maji ya miguu, nguo na chakula. Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, hutengenezwa kwa udongo, hukaribishwa kwa sikukuu yake, ikiisha huagwa na kutoswa majini, akayeyuka. Ingekuwa udongo ndio Mungu, nani angeutosa?

Kuhusu idadi, yamo mazungumzo mazuri katika Brihadaranyaka Upanishad, kitabu kitakatifu cha kale. Mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa miungu ni mingapi. Anajibu 3,306. Sawa, lakini hasa ni mingapi? 33. Muulizaji hachoki, na majibu yanazidi kupungua: sita, mitatu, miwili, mmoja na nusu, mmoja. (Huo wa mmoja na nusu hunichekesha kila nikiusoma.) Tena wapo Wahindu wasiotumia sanamu kabisa: Arya Samaj, iliyoanzishwa Bombay mwaka 1875 na Dayananda Saraswati, hufanya ibada mbele ya moto.

“Alama nyekundu usoni ni ya mke wa mtu, tena ni ya asili, haina madhara.”

Kumkum, unga wa alama hiyo ya kwenye paji la uso, hupakwa wanaume, wanawake na watoto baada ya puja. Kwa jamii nyingi, inayotangaza ndoa ni sindoor, unga mwekundu unaopakwa kwenye njia ya nywele, pamoja na mkufu wa mangalsutra. Kumkum ya kienyeji ni manjano yaliyochanganywa na chokaa. Ukitaka kuona, chovya kidole chenye chokaa ya tambuu kwenye manjano: rangi inageuka nyekundu hapo hapo.

Ya dukani ni habari nyingine. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walitangaza matokeo ya kupima sampuli 118 za sindoor kutoka New Jersey na India, na nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Risasi haina kiwango salama kwa mtoto, na mtoto hushika kichwa cha mama yake kisha akatia kidole mdomoni.

“Kila ibada ina sayansi yake.”

Hapa ndipo ujumbe wa WhatsApp unapokolea. Tulsi, jamaa wa mrehani anayepandwa uani na kumwagiwa maji kila asubuhi, eti hutoa oksijeni usiku kucha. Hapana. Hutoa oksijeni penye mwanga kama mmea mwingine wowote. Watu humzunguka tulsi kwa sababu anahesabiwa kuwa mpendwa wa mungu Vishnu, na sababu hiyo inajitosheleza bila oksijeni.

Maji ya chombo cha shaba nyekundu, hapo kweli ipo. Utafiti wa India wa mwaka 2012 ulitia vijidudu vya kuhara, kipindupindu kikiwamo, kwenye maji, ukayaacha saa 16 ndani ya mtungi wa shaba, na vijidudu havikuonekana tena. Ila usitie humo maji ya ndimu wala mtindi: uchachu huyeyusha shaba, nayo shaba ikizidi hutapisha.

Mantra, maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, nazo zina jambo. Mwaka 2001 watafiti wa Pavia, Italia, waliwapima watu 23 wakisoma mantra ya Kibudha, ya jamii moja na zile za Kihindu, na pia wakisali rozari kwa Kilatini. Kwa zote mbili pumzi ilishuka hadi kama sita kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20, na mapigo ya moyo yakafuata mwendo huo. Basi dawa ni pumzi ya taratibu, na Mkatoliki wa Bagamoyo anayo kwenye rozari yake.

“Salamu ya jua ya yoga ni mazoezi ya miaka elfu tano.”

Kulisalimu jua ni kwa kale kweli. Mantra ya Gayatri, isomwayo machweo na mapambazuko, imo katika Rigveda, kitabu kitakatifu cha kale sana. Lakini ule mfululizo wa mikao 12 wa kwenye jimu ulienezwa miaka ya 1920 na Raja wa Aundh, mtawala wa dola ndogo ya India, mpenzi mkubwa wa mazoezi ya viungo.

“Mfungo wa ekadashi husafisha mwili.”

Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi, huja mara mbili kwa mwezi wa mwandamo, na wafungaji wengi hawali nafaka. Nyumbani kwa Ba ilimaanisha viazi, sabudana, ambayo hutengenezwa kwa wanga wa muhogo, na muhogo wenyewe wa kukaanga, wanaouita mogo kwa neno waliloliokota kwetu. Ni chakula kitamu mno. Kwa mwenye kisukari ni sukari tupu, na anayetumia insulini asifunge kabla ya kuongea na daktari wake. Lengo la siku hiyo ni kumkumbuka Vishnu, na ini na figo huusafisha mwili kila siku bila kungoja mwezi.

“Moshi wa udi husafisha hewa.”

Huu unatuhusu hata sisi wenye vyetezo. Moshi wa udi una chembe laini zinazofika ndani ya mapafu. Utafiti wa Singapore wa mwaka 2008, uliofuatilia Wachina zaidi ya 61,000, ulikuta kwamba waliochoma udi kwa miaka mingi walipata zaidi saratani za njia ya juu ya hewa.

Ba alipoanza kukohoa, daktari alimkataza vijiti. Mwanawe alisikitika kuliko yeye, akaona ibada imevunjika. Ba akamfungulia kitabu kitakatifu cha Bhagavad Gita, sura ya 9, aya ya 26, ambapo Krishna anataja anachokipokea kwa mwenye mapenzi: jani, ua, tunda, maji. Udi haumo.