Baa za zamani za Sheffield: sio zote ziliondoka na mabomu

Ukiuliza baa fulani ya enzi za Malkia Victoria (karne ya 19) pale Sheffield, mji wa Uingereza, iliishia wapi, wengi watakwambia ilipigwa bomu na Wajerumani. Msingi upo, maana Desemba 1940 mji ulishambuliwa kweli, usiku wa siku mbili tofauti, katikati ya mji kukaungua vibaya.

Ila nyingi zilikufa kwa makaratasi tu. Sheria ya 1830 ilirahisisha leseni ya bia, mtu anageuza sebule yake kuwa baa, zikajaa kila kona, halafu sheria ya 1904 ikaruhusu kufunga zilizozidi, fidia ikitoka mfuko waliochangia wenye leseni wenyewe (bahati mbaya hiyo jamani), baadae bomoabomoa ya mitaa duni na upanuzi wa barabara vikamaliza kazi.

Kuhakiki sio ngumu. Ramani za zamani zipo bure mtandaoni, tafuta herufi P.H. (public house, yaani baa) kwenye jengo, kama kwenye ramani ya miaka ya 1920 jengo lenyewe halipo basi bomu la 1940 halihusiki. Vibaa vidogo mara nyingi havikuandikwa, hivyo fungua vitabu vya orodha ya wafanyabiashara, vinataja mwenye baa na mtaa wake, jina likikatika mwaka fulani hapo ndo uanze kuchimba rejista za leseni.