Bima ndogo haitengenezi gari lako
Hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, wenye magari wengi wamezoea kusema kwamba bima zote ni sawa, kwa hiyo mtu achukue iliyo rahisi ili asisumbuliwe na trafiki. Sivyo. Bima ndogo, ambayo ndiyo inayolazimishwa na sheria, humfidia mtu mwingine uliyemdhuru. Gari lako likipinduka njiani kuelekea Segera, gharama ni zako mwenyewe. Bima kubwa hugharimia na la kwako, ingawa kwa kawaida mwenye gari hubeba sehemu ya kwanza ya hasara, na mara nyingi ni sehemu hiyo, ambayo wachache huisoma, inayoifanya bima moja ionekane nafuu kuliko nyingine. Kwa gari kuukuu, nakiri, bima ndogo yaweza kutosha.