Wanja wa manga: jinsi ya kuleta sampuli ipimwe risasi

Maswali kuhusu wanja yameongezeka, na mengi huja na picha ya simu: kikopo kilichonunuliwa Marikiti au Mji wa Kale, Mombasa, na swali, "Huu una risasi?", yaani ile metali yenye sumu. Picha haipimi madini. Kuuchoma, kuusugua juu ya dhahabu au kuumwagia maji pia hakuonyeshi kitu.

Mwingi unaouzwa kwa jina la ithmidi, yaani antimoni, ni galena iliyosagwa, nayo ni risasi iliyoungana na salfa. Mawe haya mawili yote hung'aa kijivu cheusi, na yakishasagwa jicho haliyatofautishi. Galena safi ina risasi asilimia 86 kwa uzito. Kikomo cha risasi katika kiwango cha vipodozi cha Afrika Mashariki ni miligramu 20 kwa kilo. Galena inapita 860,000. Basi tusiambiane kwamba "ni wa asili". Risasi nayo huchimbwa ardhini.

Leta maabarani kwetu kikopo kizima, kisichofunguliwa, na risiti kama ipo. Wanja wa kupimiwa kwa kijiko, leta gramu 5 ndani ya chupa safi ya kioo, si karatasi ya gazeti. Andika duka, tarehe, bei na namba ya toleo. Kikopo cha shaba ya manjano tunakipima peke yake, kwa kuwa shaba hiyo mara nyingi huchanganywa risasi kidogo, na kijiti kinapokwaruza ndani huchukua chembe zake.

Kwanza sampuli hupigwa eksirei ya kupimia madini. Dakika mbili zinatosha. Kila elementi hutoa mistari yake kwenye eksirei hiyo. Lakini mstari mkuu wa aseniki, sumu nyingine, unaangukia pale pale penye mstari wa risasi, kwa hiyo risasi ikiwa nyingi, aseniki hufichika. Hapo tunayeyusha nusu gramu ndani ya mililita 10 za asidi ya naitriki, kwenye chombo kilichofungwa, nyuzi 175. Ukiona unga mweupe chini, usiuchuje ukautupa: asidi imegeuza salfa ya galena kuwa salfeti, na risasi imeganda humo. Wanaoutupa hupata jibu dogo la uongo. Wanja wenye nusu yake risasi, ukijazwa hadi mililita 50, hutoa miligramu 5,000 kwa lita, nyingi mno kwa mashine, hivyo tunazimua mara mia kadhaa kabla ya kusoma.

Vijiti vya nyumbani vya kupima risasi kwenye rangi za ukuta, tafadhali, visitumike hapa. Aina moja hugeuka nyeusi ikikuta risasi. Juu ya wanja mweusi utaona nini?

Jibu la maabara ni la kikopo kilichopimwa, si la jina lililoandikwa juu yake. Kwa wanja wenye alama ya Shirika la Viwango la Kenya, tuma SM#, kisha namba ya kibali, kwenda 20023 kuhakikisha kibali ni halali. Muuzaji naye ajue: chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura 254, kuuza kipodozi chenye kitu cha kudhuru mtumiaji ni kosa la jinai. Sampuli uliyonunua mwenyewe inatupa dalili; ya kupeleka mahakamani huchukuliwa na afisa aliyeidhinishwa, kwa lakiri na kumbukumbu ya kila mkono ulioishika.

Linalotusumbua zaidi ni watoto wachanga, wanaopakwa machoni na hata kitovuni. Risasi haipiti sana kwenye ngozi. Hupita mdomoni: mtoto hujifuta jicho kisha akanyonya vidole, na machozi yenyewe hushuka kooni kupitia puani. Sumu ya risasi haina dalili ya mapema ya kuona, na ubongo unaokua ndio unaoumia. Mama, acha kumpaka leo, usingoje jibu letu, kisha umpeleke hospitali apimwe damu. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe damu ikifika maikrogramu 5 kwa desilita. Omba damu itolewe kwenye mshipa. Ya kidoleni, kidole kikiwa na wanja, itasoma risasi iliyo juu ya ngozi.