Biriani ya kamba bila wali, bila mtindi: maswali na majibu

Swali: Biriani bila wali si mchuzi tu huo?

Jibu: Haha, haujakosea sana. Ila biriani yetu ya pwani rojo linapikwa kivyake na wali kivyake, sio kama pilau, kwa hiyo ukiutoa wali utamu wenyewe bado umebaki sufuriani.

Swali: Na mtindi je, naweka nini?

Jibu: Tui na ndimu. Kaanga vitunguu vingi kwa mafuta ya kawaida (samli hapana, ile ni maziwa) mpaka viwe kahawia na vikauke, viponde, halafu tangawizi, thomu, nyanya, hiliki, mdalasini na bizari nyembamba, acha nyanya ziive kabisa mpaka mafuta yaelee juu ndo utie tui la pili. Tui zito linakuja mwisho, moto mdogo, na mkono usitoke kwenye mwiko maana likikatika limekatika. Kamba wanaingia hapo, dakika 3 hivi, wakishajikunja na kuwa wekundu epua, ukiwaacha wanakuwa kama raba. Ndimu kamulia baada ya kuepua.

Sasa wale wa tui la unga la paketi, geuza usome nyuma. Mengine yana kaseini, hiyo ni protini ya maziwa, na mtu mwenye aleji ya maziwa itamdhuru hata kama mbele wamechora nazi kubwa.

Swali: Nina kisukari, basi nile na muhogo badala ya wali?

Jibu: Hapa ndo watu wengi wanajidanganya. Bila nafaka haimaanishi bila wanga! Wali uliopikwa una wanga kama gramu 28 kwa kila gramu 100, muhogo unafika hata 38, yaani umekimbia mvua ukaingia mtoni. Koliflawa ina kama 5 tu, ikwangue kwa kikwaruzo, ipitishe kwenye kikaango dakika 5 bila maji. Sio wali, tusidanganyane, lakini rojo linashika vizuri.

Muhogo kwa asiye na kisukari poa tu, uwe mtamu, umenye, uchemshe uive na maji yake umwage, ule mchungu una sumu ya sianidi.

Swali: Ngano inanijaza gesi, niache nafaka zote?

Jibu: Kwa nini zote? Kama shida ni gluteni, ile protini ya ngano, iko kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano), mchele na mahindi havina. Na usiache ngano kabla hujapimwa, kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki (ule wa mwili kuikataa gluteni) kinataka uwe bado unaila, ukishaacha miezi majibu yanaweza kutoka safi kumbe unaumwa.

Swali: Mwanangu anawashwa mdomo akila kamba, nikiwapika sana si itaisha?

Jibu: Haiishi mama, protini inayoleta aleji haifi kwa moto. Usimpe tena, hata kaa na kambakochi waache mpaka daktari amwone, na siku akivimba midomo au akahema kwa shida ni hospitali muda huohuo, sio maziwa ya kunywa. Kama samaki anakula bila shida, rojo hilohilo mpikie kwa changu au nguru, ila sufuria yake na mwiko wake mbali na wa kamba, na yale mafuta uliyokaangia kamba usiyarudie kwake.