Hapana bibi, mapafu hayarudi nyuma mwezi wa nane

"Daktari, mtoto huyu angezaliwa wa miezi saba angepona. Huyu wa minane ndiyo taabu." Maneno haya nimeyasikia Tanga mjini, Ngamiani na Makorora, hata ndani ya basi la Pangani. Msemaji huwa bibi mwenye wajukuu wengi, na kumkatalia ana kwa ana si adabu. Basi nayaandika.

Wanasema mwezi wa saba mapafu huwa tayari, wa nane "hulala", wa tisa huamka. Hakuna kiungo kinachoumbwa hivyo. Karibu wiki ya nne, kwenye ukuta wa mbele wa utumbo wa kiinitete, seli chache hupokea ishara za Wnt (protini zinazoziambia seli ziwe nini) kutoka tishu jirani na kuanza kuwa njia ya hewa. Chipukizi hutokea, likagawanyika kulia na kushoto. Kuanzia hapo tishu mbili hujibizana: tabaka la ndani na tishu laini inayolizunguka. Ile ya nje hutoa protini ya FGF10, na ncha ya tawi hukua kuifuata. Ncha nayo hutoa protini nyingine, SHH, inayopunguza FGF10 pale pale, na majibizano hayo husaidia kuamua wapi tawi lichipuke tena. Panya wasio na jeni ya FGF10 huzaliwa na trakea, yaani bomba kuu la hewa, isiyo na mapafu. Tishu ya nje ya bronkasi, tawi la trakea liingialo pafuni, ikipandikizwa kwenye trakea ya kiinitete, trakea nayo huchipua matawi.

Kila hatua husimama juu ya iliyotangulia. Kufikia wiki ya 17 hivi njia za hewa zimeshachorwa. Safaktanti, utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinate, huanza kutengenezwa karibu wiki ya 24 na kwa kawaida hutosha wiki ya 34 au 35. Kwa hiyo njiti wa miezi minane ana akiba kubwa kuliko wa saba, bibi apende asipende. Na wale "wa miezi saba" wenye kilo tatu na robo, hesabu yao waulizwe wazazi na shehe aliyefungisha ndoa.

Kinachoniudhi ni mama kupata uchungu wiki ya 30 akabaki nyumbani kwa kuwa "wa saba hupona". Hapo ndipo deksamethasoni, dawa ya steroidi anayochomwa mama, inahitajika, miligramu 6 kila saa 12, mara nne, na huhitaji muda ifanye kazi kabla ya kujifungua. Dawa za jamii hii zilithibitika New Zealand mwaka 1972. Na hazimnenepeshi mtoto, kama wengine wanavyodai. Huharakisha kupevuka kwa mapafu.

Kwamba mama akioga baharini maji huingia mapafuni mwa mtoto? La. Mapafu ya kijusi hutoa maji yake yenyewe, na bila maji hayo hayatanuki vizuri.

Kwamba kijusi hakitumii kifua? Hukichezesha kama anayepumua, na mchezo huo husaidia mapafu kukua. Oksijeni hutoka kwenye kondo.

Kwamba mtoto akizaliwa mapafu yamekamilika? Vifuko vingi vya hewa hujengwa baada ya kuzaliwa, katika miaka ya mwanzo. Kwa hiyo jiko la mkaa likae uani, mbali na dirisha la mzazi, hata siku za arobaini. Na baba anayevuta sigara avutie nje.