Sensa ya hewa na jedwali la mafuta: yanayosemwa gereji na yalivyo

"Gari limetoka Dar, huku Dodoma hewa ni nyepesi, lazima lipangiwe mafuta upya." Kauli hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa huwa kama kilopaskali 88 au 89, wakati pwani ni 101. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, hewa inayoingia kwenye silinda ni pungufu kwa karibu asilimia 12, na nguvu hushuka kwa kiasi kinachokaribia hicho.

Lakini sensa ya hewa haipimi ujazo, inapima uzito. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza, na umeme unaohitajika kuulinda usipoe ndio unaoiambia kompyuta ya injini ni gramu ngapi za hewa zimepita kwa sekunde. Hewa ikiwa nyepesi, gramu husomeka chache na nozeli, zile zinazopuliza petroli, huipunguza zenyewe. Gari la kabureta ndilo lililohitaji kubadilishiwa jeti, yaani kitundu kinachopitisha petroli, likipanda mlima. Hata magari yanayokadiria hewa kwa presha na joto la manifoldi, yaani bomba linalogawia silinda hewa, hutambua mwinuko bila mtu kugusa namba.

Hatari ya mwinuko iko upande wa pili, na fundi yeyote anayepanga jedwali akiwa Dodoma anapaswa kuijali. Jedwali ni visanduku vya namba ndani ya kompyuta, vilivyopangwa kwa presha ya manifoldi na mizunguko ya injini, ambavyo kompyuta hukadiria kwavyo hewa na mafuta. Safu za juu za jedwali, zile za kilopaskali 95 na 100, injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani) haizifikii kabisa hapa mjini. Unajaza visanduku hadi 88, na vilivyobaki juu vinakaa na namba za kukisia. Siku mwenye gari anateremka kwenda Dar, injini inaingia kwenye visanduku hivyo ikiwa imebeba mzigo wote. Kama vina mafuta haba, injini itagonga, yaani petroli italipuka ovyo silindani, na pistoni inaweza kuungua. Kushuka hadi Mtera, takriban mita 700, kunakupa presha ya kama 93, na hicho ni kipande kizuri cha kupimia. Kwa safu za presha iliyo juu ya 93, acha mafuta mengi kidogo na umwambie mwenye gari waziwazi kwamba kazi itamaliziwa pwani.

Dhana nyingine: "Sensa inasoma hewa pungufu, basi ongeza mafuta kwenye jedwali." Hapana. Kiangazi cha huku ni vumbi miezi na miezi, na vumbi laini linaloponyoka filta huganda kwenye ule waya. Waya uliovishwa uchafu haupoi ipasavyo, kwa hiyo hewa nyingi husomeka kama kidogo, hasa gari likiwa kasi. Ukirekebisha jedwali juu ya uchafu huo, siku sensa ikisafishwa gari litakunywa petroli na kutoa moshi mweusi. Safisha kwanza, kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa sensa hizo. Usiguse waya kwa kitambaa wala brashi.

Kisha kagua hewa ya wizi, yaani inayoingia baada ya sensa kupitia mpira uliopasuka. Angalia masahihisho ya mafuta ambayo kompyuta hujifanyia. Yakiwa makubwa injini ikinguruma imesimama na kupungua ukipandisha mizunguko, shuku mpira. Yakizidi kadiri mwendo unavyopanda, shuku sensa, au mafuta yasiyofika kwa presha inayotakiwa.

Namba zikiaminika, hesabu ni rahisi. Injini ya lita 2 yenye silinda 4, kwa mizunguko 3,000, hujaza silinda mara 100 kwa sekunde. Sensa ikisoma gramu 30 kwa sekunde, kila ujazo ni gramu 0.3. Gawa kwa 14.7, uwiano wa kawaida wa hewa kwa petroli, upate kama miligramu 20 za mafuta. Jedwali likisema hewa ni gramu 0.27 mahali hapo, unajua kisanduku kipi kiongezwe na kwa kiasi gani.

Wapo wanaoamini kuzunguka mjini mara moja kunatosha kukusanya data za kujazia jedwali. Foleni na matuta hukupa namba zinazorukaruka: ukikanyaga ghafla, sensa huona hewa inayojaza manifoldi, ambayo bado haijaingia silindani, ukiachia, mafuta hukatwa. Tupa data hizo zote, pamoja na za injini ya baridi. Barabara ya Singida, mwendo ulio sawa kwa gia moja, inafaa zaidi. Kisanduku chenye sampuli chache usikibadilishe kwa sababu ya sampuli hizo. Kilinganishe na majirani zake.

Na sensa ya oksijeni ya kawaida, inayopima moshi wa eksozi, isikudanganye penye mzigo mkubwa. Inajua vizuri tu kama uko juu au chini ya 14.7. Kwa uwiano wa 12.5 hivi, unaohitajika injini ikivuta kwa nguvu zote, funga sensa ya oksijeni ya masafa mapana kwenye eksozi kabla hujagusa safu hizo.